Mizani ya Bunduki za Sponji

Nchi yenyewe haipo. Ieleweke hivyo tangu mlangoni, maana kuna watu wakisikia habari ya nchi yoyote hujipapasa mifukoni kama walioibiwa. Haimo kwenye ramani, haina bendera, na mto wake unapita kokote utakako wewe. Ila serikali inayo. Nchi inaweza kukosa vyote, serikali haikosi.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo aliishi mzee mmoja, Shomvi Makungu, na kazi yake ilikuwa kusema hasara.

Huko, jambo la umma haliamuliwi mpaka lipimwe, na kupima kwenyewe si kwa maneno matupu. Katikati ya Ukumbi wa Mizani imetundikwa mizani ya shaba yenye vitanga viwili, kila kitanga kipana kama kitanda cha bwana harusi. Kulia anasimama Mnena-Faida, kushoto anasimama Mnena-Hasara. Ikitajwa faida, jiwe linawekwa kulia. Ikitajwa hasara, jiwe linawekwa kushoto. Kitanga kitakachoshuka, hilo ndilo neno la taifa. Haki tupu! Mgeni akiona atasifu.

Asiambiwe tu habari ya mawe. Mawe ya faida yalitoka mtoni, meusi, kila moja kubwa kama nazi na zito kama deni la ukoo. Mawe ya hasara yalikuwa yale mepesi yenye vitundu, ambayo wanawake husugulia visigino. Ukiyatia ndani ya ndoo yanaelea. Tangu mizani itundikwe, kitanga cha kushoto hakijapata kushuka hata kwa bahati mbaya.

Mzee Shomvi aliifanya kazi hiyo mpaka mvi zikamwota masikioni, na alikuwa hodari. Hasara zake zilipendeza; zilisikika kama sifa zilizopotea njia. Ilipopimwa barabara ya lami ya kwenda shambani kwa waziri mmoja, alisimama akasema, "Hasara yake, ni nzuri mno. Magari yataona haya kuikanyaga." Ilipopimwa sanamu ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, alisema, "Hasara yake, ndege watagombea nafasi." Ukumbi ukacheka, jiwe la visigino likawekwa, mambo yakapita. Majirani walimwita Mzee Hasara naye hakuchukia. Mtu akikaa na jina baya miaka mingi, jina lenyewe ndilo linalomzoea.

*

Sasa tuje kwenye bunduki.

Serikali ilikuwa na bunduki zake za kawaida, zile zinazowatoa watu damu. Wakaja wakopeshaji wa ng'ambo, wakanywa chai, wakala korosho, wakasema wao hawana ugomvi na bunduki. Ugomvi wao ni damu, inaharibu picha. Ikipatikana silaha isiyomwaga damu, mkopo utatoka.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Ndauka, hakupata usingizi. Aliyemletea usingizi ni shemeji yake, muuza midoli, aliyekuwa na kontena zima limemkwamia bandarini. Ndani yake mlijaa bunduki za plastiki, za rangi ya chungwa na buluu, za kuchezea watoto wa wenye nacho. Tumboni zina betri na mota. Ukibonyeza kitufe mota inalia, zzziiii, kama mbu mwenye cheo. Ukivuta kifyatulio zinachomoka risasi za sponji, urefu wa kidole cha shahada, na vichwa vya mpira laini. Zinapiga mfululizo, hazichoshi mkono, hazihitaji kukokiwa. Serikali ikanunua zote.

Askari wakazirudisha za chuma ghalani, wakapiga gwaride na za chungwa. Wakopeshaji wakapiga picha. Kila mtu alifurahi mpaka siku wauza samaki walipoandamana kudai barafu. Amri ikatoka, mota zikalia, risasi zikamiminika, na wauza samaki wakaziokota na kuzitia mifukoni.

"Afande, nipige tena," alisema mmoja. "Nyumbani nina mapacha, watagombana."

Serikali inaweza kustahimili kuchukiwa. Ina hata bajeti yake. Kuchekwa haiwezi. Mwanasheria Mkuu akaletewa boksi moja atazame kama kuna kitu kimesahauliwa ndani. Akakuta karatasi ya maelezo ya mchezo. Akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari: "Aliyepigwa ametoka mchezoni mpaka mzunguko uishe." Akavua miwani. Akaisoma tena bila miwani, ikawa bado ni nzuri.

Sheria ilipita Bungeni kabla ya chakula cha mchana, tena kwa kishindo, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na kuku.

Tangu hapo, aliyeguswa na risasi ya sponji alihesabiwa kuwa ametoka. Yaani amekufa, ila bila usumbufu wa kaburi. Hasemi na walio hai, wala walio hai hawamsemeshi. Hafanyi kazi, hapangi foleni, hapigi kura. Nyumbani kwake lazima matanga yakae. Mzunguko ukiisha, atarudi. Na mzunguko unaisha lini? Hilo karatasi haikusema. Upande wa pili ilikuwa na picha ya betri tu.

Msikilizaji wa nchi nyingine atauliza: watu walikubali? Walikubali. Hao ndio watu ambao, siku Redio ya Taifa iliposema kwa makosa kwamba jua limeahirishwa, waliwasha vibatari asubuhi kweupe, kisha wakalalamikia mafuta ya taa.

Kicheko kikaisha mjini. Watu wakawa wanatembea na masikio. Lakini mota ya bunduki na mota ya blenda ni ndugu wa tumbo moja. Basi Mwatumu, muuza juisi wa mtaa wa kina Shomvi, alipowasha blenda yake, barabara nzima ikalala kifudifudi, na mkuu wa soko akavunjika jino. Mwatumu akaamriwa kila akitaka kuwasha atangulize kilio. Kuanzia siku hiyo ukawa unamsikia: "Juisi! Juisi tu, jamani!" ndipo abonyeze.

*

Mzee Shomvi aliyatazama hayo yote kama mtu anavyotazama mvua ya ng'ambo ya mto. Mpaka ilipomfika Sikudhani.

Sikudhani alikuwa binti yake wa pekee, mkunga wa zahanati ya mtaa. Siku hiyo alikata njia kupitia uwanja wa polisi, beseni la mashuka kichwani. Konstebo mmoja, Tindwa, alikuwa akijifunza shabaha. Alilenga kopo. Lakini bunduki za mota hazina adabu: zinatema risasi nyingi kwa pumzi moja, na kila risasi ina safari yake. Moja ikachukuliwa na upepo, ikamgusa Sikudhani begani kama inzi aliyechoka.

Tindwa akaja mbio, kofia mkononi.

"Samahani sana, dada. Umekufa."

"Nimekufa kwa lipi? Si ulikuwa unalenga kopo wewe?"

"Nililenga kopo, dada. Ila sheria haiulizi nililenga nini." Akatazama viatu vyake. "Na tafadhali usinijibu tena. Nitashtakiwa kwa kuzungumza na marehemu."

Matanga yakakaa nyumbani kwa mumewe, Chande. Mikeka ikatandikwa, kahawa ikapita. Shida ikawa chakula. Pilau ya kulisha umati ule aliijua Sikudhani peke yake. Mama mkwe alijaribu, ukatoka ukoko mtupu. Basi marehemu akaingia jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akapika pilau ya matanga yake mwenyewe.

Waombolezaji wakala, wakalamba vidole. "Maskini, alikuwa anajua kupika yule," mmoja akasema.

"Alikuwa," mwenzake akaitikia, akivuta bakuli la kachumbari.

Sikudhani aliyasikia akiwa jikoni, mwiko mkononi.

Chande alilia kwa dhati siku ya kwanza. Siku ya pili shangazi yake akamnong'oneza jambo, akalia kidogo. Matanga yalipoanuliwa alikuwa anaulizia habari za binti wa fundi cherehani. Marehemu akarudishwa kwa baba yake, yeye na sanduku lake la nguo na mbuzi wake.

Mbuzi huyo aliitwa Diwani, kwa sababu alikula kila kitu na hakujibu swali. Naye ndiye aliyewafaa baba na binti. Sheria ilikataza kusema na aliyetoka. Haikukataza kusema na mbuzi.

"Diwani," Mzee Shomvi angesema, akimimina chai, "mwambie mwenzako chai ipo tayari."

"Diwani, mwambie baba amezidisha tangawizi tena."

"Diwani, mwambie asiyetaka aache."

Hivyo wakaenda, na pengine hata walicheka. Lakini jioni moja Sikudhani alirudi kutoka nje, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, hakugusa chai.

"Diwani," mzee akasema, "mwulize ana nini."

"Mke wa kinyozi kashikwa na uchungu toka jana. Mtoto amekaa vibaya. Nimekwenda." Alikuwa akimtazama baba yake usoni, mbuzi alikuwa amesahauliwa. "Hawakunifukuza, baba. Wangenifukuza ningejua la kufanya. Walijifanya hawanioni. Nimesimama mlangoni na mkoba wangu nikiwaambia, mgeuzeni, mgeuzeni ubavu, na wao wanaangalia ukuta. Mpaka mtoto akanyamaza."

Mzee Shomvi akafungua mdomo. Kisha, kabla ya neno kutoka, akageuka kutazama uani kama kuna jirani anayesikiliza.

Jirani hakuwepo. Lakini alipogeuka tena, binti yake alikwisha inuka kwenda ndani, na lililomkaa mzee rohoni kama mwiba wa samaki ni hilo: kwamba alitazama kwanza.

*

Haukupita muda, serikali ikaridhika na bunduki zake, ikataka kuagiza nyingine, kila mjumbe wa nyumba kumi apate ya kwake na betri za akiba. Lakini jambo la umma lazima lipimwe. Na katika kanuni za mizani kulikuwa na kifungu kimoja cha kale, hakuna aliyewahi kukihitaji: kitanga cha hasara kikishuka, jambo linafutwa, na kila lililoletwa nalo linafutwa. Maana yake, bunduki zinarudi bandarini, mzunguko unaisha, waliotoka wanarejea. Kifungu hicho kiliachwa pale kama ndoo ya mchanga inavyoachwa ukutani, kwa ajili ya wakaguzi.

Bwana Kirobo, Mnena-Faida, alimletea Shomvi hasara zake ofisini. Zilikuwa zimeshaandaliwa.

"Mzee mwenzangu, Mheshimiwa kazipitia mwenyewe. Kaongeza na nukta."

Shomvi akasoma. "Betri haipendi mvua. Sponji huliwa na panya. Wananchi huenda wakafurahi kupita kiasi." Akainua kichwa. "Na waliotoka?"

"Wametoka."

"Ndiyo nauliza, Kirobo. Hawamo humu."

"Watakuwamo vipi? Huwezi kumfanya hasara mtu ambaye hayupo." Kirobo alisogeza kiti, akashusha sauti. "Pole na msiba lakini. Nilifika. Ile pilau, wallahi, sijala mfano wake mji huu."

"Alipika mwenyewe."

"Najua," alisema Kirobo, bila kumtazama. "Ndiyo maana nilirudia."

Shomvi alikwenda nyumbani kwa miguu. Alimkuta Diwani anatafuna kamba ya kuanikia nguo, na Sikudhani ameketi palepale juu ya kinu.

"Diwani," mzee akasema, "mwulize mwenzako, ana uzito gani siku hizi?"

Sikudhani akamkodolea macho. "Mwambie tangu nife nimepungua."

"Basi mwambie ale," akasema Mzee Shomvi. "Ale ashibe. Na ugali uwe wa dona."

*

Siku ya kupima, Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mheshimiwa Ndauka alikalia kiti kirefu. Konstebo Tindwa aliwekwa kulinda mizani, bunduki ya chungwa begani.

"Ndugu wananchi mlio hai," Waziri alianza, na watu wakapiga makofi kwa kutajwa. "Ziko nchi zinazopiga watu wao kwa risasi za moto. Ziko nchi zinazowapiga kwa maji machafu. Sisi tumewapiga kwa upole. Dunia inatutazama kwa wivu. Lakini hatutaki kujisifu, ndiyo maana tumeleta jambo hili hapa lipimwe kwa uhuru, ili tujue kama ni zuri sana au ni zuri mno."

Kirobo akasimama, akanyoosha koti.

"Faida ya kwanza! Silaha isiyo na damu inaokoa sabuni." Jiwe, ndu! "Faida ya pili! Mota inalia kabla ya kupiga. Mwananchi anapewa taarifa mapema, na utawala bora ni nini kama si taarifa?" Ndu! "Faida ya tatu! Risasi zinaokotwa zikatumika tena. Taifa halitupi kitu." Ndu! "Faida ya nne! Bunduki za mkono zinataka kukokiwa kila risasi, askari anapata nafasi ya kufikiri. Za mota zinamwondolea mzigo huo." Ndu! Kitanga cha kulia kikakaa chini kama mtu aliyefika kwao. Kisha, kwa kuwa kila mnenaji ana ruhusa ya kuweka kielelezo kimoja cha anachokisema, Kirobo akaweka juu ya mawe bunduki moja mpya, na utepe.

"Mnena-Hasara," Waziri akaita, akitazama saa.

Mzee Shomvi akasogea. "Hasara ya kwanza, betri haipendi mvua." Jiwe la visigino likawekwa, halikutoa hata sauti. "Hasara ya pili, sponji huliwa na panya." Watu wakacheka kwa adabu. "Hasara ya tatu..." Akaitazama karatasi. Furaha iliyopita kiasi ilikuwa pale, na nukta ya Waziri mwishoni. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Hasara ya tatu nimekuja nayo. Naomba kuweka kielelezo."

Ukumbi ukanong'ona. Miaka yote hiyo, upande wa kushoto haukuwahi kuleta kielelezo. Waziri akatabasamu. "Leta, mzee wangu. Umeleta panya?"

Kutoka nyuma akatokea mwanamke aliyejitanda kanga, mkoba wa ukunga mkononi. Watu wakampisha, kila mmoja akiangalia upande wake. Alipanda kwenye kitanga cha kushoto, akaketi, akapakata mkoba wake.

Kitanga kilishuka. Kilishuka kwa kishindo, kikagonga sakafu kama mlango wa jela, na kile cha kulia kikaruka juu na mawe yake. Moja likabingirika hadi miguuni kwa Waziri, na bunduki ya utepe ikaanguka, ikajiwasha yenyewe, zzziiii. Ukumbi mzima ukalala.

Walipoinuka wakijipangusa, kitanga kilikuwa bado kiko chini.

Karani akashika kalamu. "Mheshimiwa, niandike nini?"

"Andika faida imeshinda."

"Lakini kitanga cha hasara kimeshuka."

"Aliye juu yake ni nani?"

Karani akafunika uso kwa kiganja. "Siwezi kusema, Mheshimiwa. Ametoka."

"Ametoka. Hayupo. Asiyekuwepo hana uzito. Kitanga kisicho na uzito hakishuki." Waziri alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Kwa hiyo hakijashuka."

"Kimegusa sakafu, Mheshimiwa."

Waziri akatazama kitanga, akatazama sakafu, na watu wakaona jinsi mtu mkubwa anavyofikiri: jasho kidogo, halafu nuru.

"Sakafu imepanda," akasema. "Andika. Sakafu imepanda. Wizara ya Ujenzi iulizwe."

Karani akaandika. Mzee Shomvi alizitazama nyuso. Walikuwamo wauza samaki, alikuwamo kinyozi, alikuwamo Chande na fundi cherehani, mkwe wake mtarajiwa. Wote walikuwa wanaitazama sakafu kwa makini, na wengine walianza kutikisa vichwa kwamba kweli, imepanda, iliyopanda haijifichi.

"Mheshimiwa," akasema Shomvi, na sauti yake haikuwa ile ya kuchekesha, ilikuwa sauti asiyoijua. "Mzunguko unaisha lini?"

Waziri alimwashiria Tindwa kwa kidevu.

Mota ikalia. Ililia muda mrefu, kwa kuwa Tindwa hakuharakisha kidole. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu bila sauti. Mzee alidhani ni samahani. Kisha kikamgusa kifuani kitu chepesi kama kipepeo aliyekosea taa, kikaanguka. Basi, ndiyo hiyo tu? alijiuliza. Hata hakuumia.

Halafu akawaona wakigeuka. Hawakugeuka kwa chuki. Waligeuka pamoja, taratibu, watu aliowachekesha miaka na miaka, macho yao yakimwacha mmoja baada ya mwingine kama taa za mtaa umeme unapokatika. Kirobo ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mzee Shomvi alitaka kuwaita kwa majina. Akakumbuka mlango wa kinyozi, na mkunga aliyesimama pale akisema mgeuzeni, mgeuzeni ubavu.

Akaenda akaketi kitangani, karibu na binti yake, sakafu ikapanda zaidi.

*

Kontena jipya likaja. Kila nyumba kumi zikawa na mota yao. Matanga yakawa mengi hata mikeka ikaadimika, na waliobaki mchezoni wakawa wachache, wamechoka, wanafanya kazi za watu wengi na kuogopana.

Mzee Shomvi na Sikudhani walipata neema moja: sheria ilikataza walio hai kusema na waliotoka, ila waliotoka kwa waliotoka haikuwa na neno nao. Diwani akakosa kazi. Wakawa wanasemezana uani mchana kutwa, na mara nyingi walikuwa hawana la kusema.

Alasiri moja alisimama mtu kwenye ua. Alikuwa Tindwa, kofia mkononi, bunduki begani, amelowa jasho. Hakuwatazama. Alimwendea mbuzi.

"Shikamoo, Diwani," akasema.

Diwani akamnusa mfuko wa risasi.

"Marahaba," akajibu Mzee Shomvi kwa niaba.

"Diwani, nina shida. Mke wangu yuko kwenye uchungu tangu alfajiri. Mkunga wa mtaa wa juu ametoka. Wa mtaa wa chini anaogopa kutoka, kajifungia ndani. Na mtoto, wanawake wanasema mtoto amekaa vibaya." Akaisokota kofia. "Nimekosa pa kwenda, Diwani."

Sikudhani alikwisha simama. "Diwani, mwambie anajua sheria. Mtoto atakayepokelewa na marehemu haandikwi popote. Hatakuwa mtu."

"Asiandikwe," Tindwa akamwambia mbuzi. "Azaliwe tu."

"Na mwulize, hicho alichobeba begani, ndicho anachokwenda kuzalishia?"

Tindwa akaivua bunduki. Akafungua tumbo lake, akazitoa betri, akatafuta pa kuziweka, asipate, akazitupa kwenye shimo la majivu. Bunduki akailaza chini. Diwani akaanza kula risasi. Kijana akasimama pale, mikono mitupu, akigeuza shingo kwa shida kama mtu mwenye jipu, mpaka macho yake yakafika usoni kwa mwanamke.

"Dada," akasema. "Dada Sikudhani. Twende, tafadhali."

Mzee Shomvi alitazama. Safari hii hakutazama uani kama kuna jirani. Alimtazama binti yake, ambaye kwa mara ya kwanza tangu beseni lile la mashuka alikuwa ameitwa jina lake na mtu aliye hai. Sikudhani alichukua mkoba.

Walitoka wote watatu, Tindwa mbele, akionyesha njia kwa haraka. Walipofika kwenye kona ya soko, ikasikika: zzziiii.

Mtaa mzima ulilala. Tindwa, askari wa serikali, alilala wa kwanza, uso mchangani, mikono kisogoni. Mzee Shomvi naye, aliyekuwa amekwisha toka mchezoni kihalali na hana tena cha kupigiwa, alilala kando yake kwa mazoea.

"Juisi!" ikaja sauti ya Mwatumu kutoka kibandani, imechelewa. "Juisi tu, jamani! Nilisahau, nisameheni!"

Hakuna aliyeinuka upesi. Siku zile mara nyingi mota ya kweli ilifuata nyuma ya ile ya uongo, na mchanga ulikuwa na joto, na mtu akishalala huona afadhali kungoja wenzake.

Sikudhani peke yake alikuwa wima. Aliwatazama baba yake na yule askari pale chini, akapandisha kanga kidogo juu ya vifundo vya miguu.

"Mimi nilishatoka," alisema. "Nyinyi mkimaliza, mtanifuata."

Akawaruka wote wawili kama mtu anavyoruka dimbwi, akashika njia.